Tonge la Kwanza

Apolinaria aliamka na wasiwasi, akanawa uso nao, akaenda nao porini kutafuta uyoga. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, ukimsimulia mtu wa mbali atakucheka. Hakujua kama mchana ule, chakula kikishatengwa, aonje mbele ya mgeni wake au asionje.

Upande ule wa Igalula, mwaka ule wa hamsini na moja, kuonja kulikuwa na maana yake. Mgeni akishakaa mkekani, mwenye chakula ndiye aliyemega tonge la kwanza, akalichovya kwenye mboga, akalimeza huku mgeni akimtazama. Watu walisema desturi hiyo ilibaki tangu zama za misafara, wapagazi walipopita njia ile inayofuatana na reli, kila jioni wakipikiwa na watu wasiowajua. Ulionja ili mgeni aone kwamba hakuna kitu ndani. Hukumwonjea mumeo, wala ndugu yako. Na katika miaka ishirini na saba ya urafiki wao, Apolinaria hakuwahi kumwonjea Paskazia hata siku moja.

Walikutana misheni, wasichana wadogo, wakalala jamvi moja na kula sahani moja. Mvua za kwanza zikinyesha walitoroka kwenda porini, Apolinaria akibeba kikapu na Paskazia akichagua uyoga. Paskazia alikuwa na jicho, na pua pia. Aliugeuza uyoga, akaunusa, akasema, "Huu chakula, huu kaburi," wala hakukosea. Ila mweke jikoni uone maajabu! Karanga aliziunguza mpaka nyumba nzima ikanuka moshi. Jiko lilikuwa la Apolinaria, pori lilikuwa la Paskazia, na kwa mgawanyo huo walikula vizuri kuliko masista waliowalea.

Baadaye Paskazia aliolewa na mtu wa reli, akahamia Dodoma. Kila mwaka, mvua zikishika, alipanda garimoshi akaja kula uyoga wa karanga kwa mwenzake. Hakusingizia msiba wala kipaimara cha mtoto wa mtu. Akishuka tu alipaza sauti, kabla hata ya salamu, "Nimekuja kula!" Na Apolinaria alicheka mpaka khanga ikamdondoka.

Mwaka uliopita alikuja, akala, akarudi kwake. Huko Dodoma tumbo likamshika wiki nzima. Tumbo la nini, nani ajuaye? Alikunywa maji ya stesheni ngapi njiani? Lakini wifi yake Josepha, dada wa mumewe, mwanamke ambaye ulimi wake haupumziki hata kwenye rozari, alimwangalia pale kitandani akatoa neno moja.

"Umelishwa."

Kula ni kula tu. Kulishwa ni habari nyingine kabisa. Aliyelishwa amewekewa kitu, na aliyemwekea ana jina. Neno hilo likapanda garimoshi, likashuka Igalula, likamfikia Apolinaria kwa kinywa cha Ambrosi, mfanyakazi wa reli, aliyelileta kwa nia njema akaenda zake. Salamu za Paskazia zikakatika. Halafu pale kijijini, kwenye sherehe ya kipaimara, wanawake wakamwambia Apolinaria kwa upole mwingi kwamba safari hii apumzike, wengine watapika. Apolinaria! Ambaye harusi haikuitwa harusi bila mkono wake. Alikaa kwenye kigoda siku nzima, mikono mapajani, akitamani ardhi ipasuke.

Sasa, mwaka mzima umepita, Ambrosi akaleta neno jingine. Paskazia anakuja Alhamisi. Anakuja na wifi yake.

Ndiyo maana Apolinaria aliiamkia Alhamisi hiyo na wasiwasi. Akionja, atakuwa amekubali kwamba yeye ni mtu wa kuogopwa, na Josepha atarudi Dodoma na ushahidi. Asipoonja, na Paskazia akasita, hata kwa kupepesa jicho tu, basi urafiki umekwisha pale pale mkekani. Aligeuza jambo hilo huku na huku, na kila upande lilimchoma.

Porini mambo hayakumsaidia. Mvua zilikuwa zimechelewa na uyoga ulikuwa wa kuhesabu. Alizunguka mpaka miguu ikauma, kikapu hakijafika nusu, ndipo alipouona mmoja mkubwa, mweupe, pembeni ya kichuguu. Akaukimbilia, akaung'oa kwa pupa. Uyoga wa kichuguu hutoka na mzizi mrefu uliozama chini kabisa, na mzizi huo ndio unaothibitisha kwamba ni chakula. Huu ulikatikia juu. Alifukua kwa vidole, akapata tope tu.

"Paskazia atauona mwenyewe," alijiambia, akautia kikapuni.

Nyumbani hakukuwa na mtu. Wenceslaus, mumewe, alikuwa msituni kwenye mizinga yake ya nyuki, na angelala huko siku mbili. Apolinaria aliukagua uyoga mmoja mmoja, akautandaza kwenye ungo, na ule mkubwa akauweka peke yake ukingoni. Akakaanga karanga, akazitwanga mpaka zikatoa mafuta. Akaloweka nsansa, yale majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa tangu mwaka jana. Akasaga uwele wa ugali. Mikono ilifanya kazi yake vizuri. Ni moyo ndio uliokuwa hautulii. Aonje? Asionje?

Garimoshi, ambalo watu walizoea kulingojea mpaka wakasinzia, siku hiyo likafika kwa saa yake. Apolinaria alisikia honi, akashtuka kama mwizi. Maji yalikuwa yanachemka na mboga bado haijaingia! Alinyakua kisu, akakatakata harakaharaka, akakung'uta ungo wote chunguni, akamimina karanga, akapunguza moto. Akafunga khanga safi na kutoka mbio kuwapokea.

Paskazia alikuwa amekonda. Josepha alikuja nyuma yake, mwavuli mkononi, akichagua pa kukanyaga.

"Mwadila," aliwasalimu Apolinaria.

"Mwadila, mama," alijibu Josepha kwa pua.

Paskazia alimkumbatia, akamshika muda mrefu, akauliza habari za Wenceslaus na za watoto walioolewa. Lakini hakusema amekuja kula. Apolinaria alingoja neno hilo mlangoni, akalingoja tena walipokaa. Halikuja.

Alitenga chakula. Ugali wa uwele, nsansa, kibakuli cha asali na, katikati, uyoga wa karanga, mzito, mafuta yakielea juu, harufu yake ikiwazunguka wote watatu. Aliwanawisha mikono. Kisha akakaa, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Josepha alikohoa kidogo. "Sisi kwetu," alisema akiangalia dari, "mwenye nyumba ndiye huanza."

Basi. Limesemwa. Apolinaria aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Ataonja, yaishe. Alinyoosha mkono kwenye ugali.

Paskazia alimshika kifundo cha mkono.

"Akionja huyu," alimwambia wifi yake, "mimi sili. Leo wala siku nyingine."

Akamega tonge yeye, tonge la mtu mwenye njaa, akalibonyeza katikati kwa kidole gumba, akachota mboga, akala. Akamega la pili. Josepha alinuna, akaficha mikono chini ya sweta. Apolinaria alitazama shavu la rafiki yake likitafuna na machozi yakamjia, kwani hakutazamia furaha kubwa namna ile. Aligeuza uso ukutani ayafute.

Ukutani palikuwa na ungo umeegemezwa. Mtupu, hata ukingoni.

Damu ilimwisha mwilini. Ule uyoga mkubwa! Aliuweka kando, halafu honi, halafu kisu, halafu ... aliukung'uta nao. Uko chunguni. Paskazia alikuwa anachovya tonge la tatu.

Nyamaza, moyo ulimwambia. Yawezekana ni mzuri, ni mara ngapi uyoga umekatikia mikononi mwa watu? Ukisema sasa, mbele ya mwanamke huyu, umejinyonga kwa mkono wako. Hakuna atakayekula kwako mpaka unakufa. Wakati huo huo tonge lilikuwa linapanda, na Apolinaria aliliona kubwa kama kichwa cha mtu.

"Paskazia, acha!" alipiga kelele, akaupiga ule mkono. Alikuwa amechelewa. Paskazia alikwisha kumeza.

"Kuna uyoga mmoja humo siujui," alisema Apolinaria. "Niliuweka kando nikuonyeshe, nikasahau. Usile tena, mwenzangu. Nakuomba usile."

Josepha aliruka kama aliyekalia siafu. "Nilisema! Nilisema nikaitwa mchonganishi! Amekiri kwa kinywa chake!" Akachukua mwavuli wake, akatoka akielekea kwa mwalimu wa dini, na sauti yake ilisikika mpaka alipopinda kwenye shamba la tumbaku.

Wakabaki wawili.

"Mzizi ulikuwaje?" aliuliza Paskazia. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Ulikatika."

"Harufu?"

"Sikunusa. Kunusa ni kazi yako."

Paskazia aliinamia bakuli, akachambua mboga kwa kidole, kipande hiki, kipande kile, akanusa, akanusa tena. Kulikuwa na karanga tu. "Umeshaiva," alisema taratibu. "Siutambui. Umeupika vizuri mno."

Apolinaria alimletea maji ya chumvi. Paskazia aliyanywa, akainama nje mlangoni, akatia kidole kooni, hakikutoka kitu. Alirudi akakaa, mikono imekumbatia tumbo.

"Umekula matonge mangapi?"

"Matatu."

Apolinaria alivuta bakuli. Akamega tonge, akachovya, akameza. Akamega la pili. Paskazia alipoelewa alimrukia, lakini Apolinaria alimpa mgongo, akala la tatu, tena alilichota kwa makusudi pale vipande vilipojaa.

"Una wazimu wewe? Umefanya nini?"

"Nimekula uliyokula. Ukiamka, naamka. Usipoamka, sitaki kubaki naeleza."

Paskazia alimtukana kwa Kinyamwezi, matusi ya utotoni ambayo masista hawakuyajua, halafu akalia. Ndipo aliposema lililomleta. "Mimi sikuamini hata siku moja kwamba ulinilisha. Lakini neno lilisemwa nyumbani kwangu, kitandani kwangu, nami nikanyamaza. Niliogopa ugomvi. Mwaka mzima nimeona aibu kukuletea salamu. Josepha nimemleta mimi mwenyewe, aje aone nakula."

"Naye ameona," alisema Apolinaria.

Wangeweza kucheka, ila walikuwa wakisikiliza matumbo yao. Kila lilipoguruma la mmoja, mwingine alishtuka. Apolinaria alihisi ulimi mzito, akaomba Mungu iwe ni hofu tu. Paskazia alisema kidole kimemfa ganzi, kisha akakumbuka alikuwa amekikalia. Ng'ombe walirudi zizini kwa jirani, jua likashuka, nao wakakaa bega kwa bega mlango wazi, rozari moja mikononi mwa wawili, wakipeana habari zote za mwaka uliopotea, kwa sababu nani alijua kama kutakuwa na nafasi nyingine.

Jogoo aliwakuta wamelala wameegemeana ukutani. Apolinaria alifumbua macho kwanza. Alijigusa tumbo. Akamtazama mwenzake, aliyekuwa ameachama mdomo, kimya, na kwa muda mfupi usiosahaulika alifikiri yamekwisha. Akamtikisa kwa nguvu zake zote.

"Nini?" alinung'unika Paskazia. "Niache." Halafu naye akakumbuka, akakaa wima, akajipapasa, wakatazamana.

"Unajisikiaje?"

Paskazia alifikiri vizuri kabla ya kujibu. "Njaa," alisema. Kisha akapaza sauti kama amesimama kwenye ngazi za behewa, majirani wote wasikie. "Nimekuja kula!"

Apolinaria alicheka mpaka akashika ukuta. Akachochea moto, akapasha kiporo, na mboga ile ilikuwa imelala na karanga zake ikazidi utamu. Walikuwa wamefika nusu ya bakuli, vidole vimejaa mafuta, kivuli kilipoingia mlangoni. Josepha alikuwa amekuja na wanaume wawili na kitanda cha kamba cha kubebea maiti.

"Mwangaluka," alisema kwa sauti ndogo, na macho yake yakahama kwa Paskazia, yakaenda kwenye bakuli, yakabaki huko. Kwa mwalimu wa dini, inaonekana, walikuwa wamelalia uji.

"Mwangaluka, wifi. Umefika wakati mzuri," alisema Paskazia. "Nawa mikono."

Josepha aliweka mwavuli chini. Alinawa polepole, akakaa ukingoni mwa mkeka, akameza mate, lakini mkono haukwenda. Alimtazama Apolinaria. Apolinaria naye, kwa mazoea ya mwenye nyumba, akanyoosha mkono kwenye ugali, kisha akasita, akamgeukia rafiki yake.

Safari hii Paskazia hakumshika.

"Huyo mwonjee," alisema huku akitafuna. "Huyo ni mgeni."