Vijiko Kwenye Nguzo ya Taa

Dennis Ellerby alikuwa mtu wa benchi moja. Tangu astaafu udereva wa basi, kila asubuhi alipanda hadi juu ya genge la mwamba, akaketi na chupa yake ya chai kuitazama bahari ya kijivu ya Yorkshire, kule Uingereza. Mgongoni mwa benchi kulikuwa na kibao kidogo cha shaba chenye jina la Jean, marehemu mkewe. Alikifunga mwenyewe kwa skurubu, bila kumuuliza mtu.

Mwezi wa Aprili, mtu akaja kutundika vijiko kwenye nguzo ya taa kando ya benchi hilo. Vijiko vikuukuu, vimetobolewa na kufungwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Upepo ukivuma, na pale hauachi kuvuma, vinagongana. Dennis alivumilia, akavumilia, mwisho akapiga simu halmashauri.

"Pale ndipo mke wangu anapopumzika," alimwambia dada aliyepokea. "Sasa mmepageuza jikoni."

"Tutatuma watu, mzee."

Watu wakaja kweli. Dennis alipopanda tena alikuta nguzo tupu na kimya kimetanda. Akaketi kwa raha zake, akapeleka mkono nyuma kukipapasa kibao kama ilivyo kawaida yake. Mkono ukagusa matundu ya skurubu.

Akashuka moja kwa moja hadi yadi ya halmashauri, nyuma ya stesheni. Mtunza ghala alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu, tuliagizwa tuondoe kila kisicho na kibali. Hatukuagizwa tuchague." Akaingia ndani kutafuta.

Kwenye kaunta alikuwepo mwanamke wa makamo, Gaynor Tindall, koti lake limejaa vipande vya nywele za wateja wa saluni.

"Na wewe wamekubebea?" akauliza.

"Kibao cha mke wangu."

"Mimi vijiko vya marehemu kaka yangu, Ross. Alikuwa mpishi. Alipougua hakuweza kukaa bure, akawa anatoboa vijiko kitandani. Kuna mtu alilalamika. Ningemjua, ningemuuliza tu vilimkosea nini."

Dennis angeweza kukaa kimya. Alitazama sakafu, akatazama mlango.

"Ni mimi."

Gaynor akamgeukia taratibu. "Haya. Vilikukosea nini?"

"Nilisema vinamsumbua mke wangu."

"Na vilimsumbua?"

Dennis akamkumbuka mkewe. Jean hakuupenda ukimya hata siku moja. Redio yake ililia tangu alfajiri, na akiosha vyombo mtaa mzima ulijua. Hata lile genge hakulipenda, kwa baridi yake. Miaka yote alibaki garini, vioo juu, akimsubiri mumewe amalize kuitazama hiyo bahari yake.

"Angevipenda," akasema hatimaye. "Benchi lilikuwa langu mimi. Yeye nilibandika jina lake tu."

"Basi umenikosea."

"Nimekukosea, ndiyo."

Mtunza ghala akarudi na boksi. Vijiko vilikuwa vimesokotana vibaya, na kibao kimenaswa katikati. Wakainama wote wawili kuvifumua, Gaynor kwa vidole vyepesi vya kazi yake, Dennis akishika uzi pale alipoambiwa ashike.

"Utavitundika wapi sasa?" Dennis akauliza walipotoka nje.

"Naishi juu ya saluni. Sina hata kibaraza."

"Nina ua nyuma ya nyumba. Upepo upo."

Gaynor alimtazama kama mtu anayepima maneno kwa macho. "Sijakusamehe bado, ujue."

"Sijasema umenisamehe. Nimesema nina ua."

Akasema atafikiria. Jumapili akaja. Alizunguka ule ua wote kama mpangaji anayekagua chumba, akarudi alipokuwa amesimama Dennis na nyundo yake, akamwambia msumari wa kutundikia vijiko ameupigia chini mno.