Swali la Viazi vya Bondeni

Siku ya kwanza kwenye timu ya chemsha bongo nilidhani nimekosea chumba. Jofrey, nahodha wetu, alikuwa anajibu maswali ambayo hayajaisha kuulizwa. Mwalimu Alois akianza tu, "Mlima mrefu kuliko yote Afrika," Jofrey anadakia Kilimanjaro na wenzake wanapiga makofi. Mwalimu akamalizia sentensi, kumbe alikuwa anauliza mlima unaofuata baada ya Kilimanjaro. Jofrey akapewa alama vilevile. Kombe, alisema mwalimu, linataka wepesi.

Nilikuwa nimehamia Njombe muhula huo kutoka Mawengi, Ludewa, kidato cha tatu, nakaa kwa shangazi yangu Mjimwema. Ugeni una uzuri wake, maana macho bado hayajazoea upuuzi. Wiki nzima niliwasikiliza wakiulizana miji mikuu, marais wa kwanza, nani aligundua nini na mwaka gani, halafu wanarudia mwanzo. Maswali yote yalitoka kwenye vijitabu vya zamani ambavyo kila shule inavinakili, kwa hiyo kila mwaka shule zinaulizana yaleyale na kupongezana kwa akili. Nikauliza mbona hakuna hata moja linaloanza na kwa nini. Walinicheka. Jofrey akasema mgeni hata begi hajalitua, tayari anapanga upya nyumba ya watu.

Sikunyamaza. Kwetu nyumbani wananijua kwa hilo, na mama huwa anasema ulimi wangu ulizaliwa kabla yangu.

Katika mashindano yetu kila shule inakuja na bahasha ya maswali yake. Yote yanachanganywa kwenye ndoo, timu inaingiza mkono na kutoa moja, na ukitoa la shule yako unalirudisha. Mwalimu Alois akatugawia kazi ya kuyaandika. Wenzangu walinakili. Mimi niliandika hivi: usiku wa baridi kali mwezi wa saba, viazi vya bondeni vinaunguzwa na umande ulioganda, lakini vya mteremkoni juu yake vinapona. Kwa nini?

Mwalimu alikunja uso. Akataka kujua hilo ni la jiografia au la fizikia. Nikamwambia ni la zote mbili, na la kilimo pia akipenda. Akasema halina jibu la neno moja. Nikasema ndiyo sababu nimeliandika. Nilimkazia macho, jambo ambalo mwanafunzi hafanyi. Halafu ghafla akatabasamu. Hakuna shule itakayoliweza, alisema, atakayelitoa kwenye ndoo amekwisha. Likae, liwe mtego wetu.

"Lakini likituponza, Dafroza," akaongeza, "fulana ya timu unairudisha, na timu basi."

Ile fulana ya kijani niliipenda kuliko nilivyotaka wajue. Ilikuwa na jina la shule mgongoni, na nilipoivaa watu wa Mjimwema waliacha kuniita yule mgeni wa Ludewa. Nilitaka sana kubaki nayo. Hata hivyo sikuliondoa swali langu kwenye bahasha.

Mashindano yalikuwa Makambako, kwenye ukumbi wenye bati linalopigwa na upepo mpaka msomaji wa maswali anapaza sauti. Tuliingia fainali na wenyeji. Ilikuwa kama mazoezini, mji mkuu huku, rais wa kwanza kule, Jofrey anadakia, wao wanadakia. Mwishoni tulikuwa tunaongoza kwa alama moja, na wao walibakiwa na zamu moja tu, ya alama mbili. Msichana wao, Prisila, akaingiza mkono kwenye ndoo na kumpa karatasi Madamu Erica, jaji mkuu.

Nililijua swali kabla halijaisha, lilikuwa lile langu la viazi, na safari hii hata mimi nilikuwa na haki ya kulijua. Mwalimu Alois alinigeukia akanikonyeza. Wenzangu walishaanza kukumbatiana.

Prisila hakudakia. Aliinamisha kichwa, mkono wake ukawa unashuka taratibu juu ya meza, unashuka na kutulia, kama anapapasa kilima. Nikaona anafikiri. Siku nzima katika ukumbi ule nilikuwa sijamwona mtu akifikiri, na moyo wangu ukaruka kwa furaha kabla sijakumbuka niko upande gani.

"Hewa ikipoa inakuwa nzito," alianza.

Mwalimu Alois alikuwa ameshasimama. Akasema kwa adabu zote kwamba swali hilo ni la shule yake, limeingia kwa bahati mbaya, liko nje ya mada, halina jibu moja, anaomba kuliondoa ili wenzetu watoe jingine. Prisila akamgeukia jaji. Madamu Erica akasema shule ina haki ya kuondoa swali lake, ila mwandishi wake akubali. Akauliza ameliandika nani.

Nilisimama. Mwalimu alinitazama, kisha akaitazama fulana yangu, ili nisisahau.

"Nimeliandika mimi," nilisema. "Halina kosa. Mwacheni amalizie."

Prisila akamalizia. Alisema hewa nzito inateremka mlimani usiku, inajaa bondeni na kulala huko, ndiyo sababu mama yake hapandi tena kule chini mwezi wa saba. Madamu Erica akampa alama zote mbili. Kombe likabaki Makambako.

Kwenye gari la shule hakuna aliyekaa karibu na mimi. Hatujafika mbali, Mwalimu Alois alinyoosha mkono kutoka kiti cha mbele bila kugeuka. Niliivua fulana niliyokuwa nimeivaa juu ya sweta, nikaikunja vizuri, nikampa. Machozi sikumpa.

"Sawa, mwalimu," nilisema. "Ila limeulizwa, na limejibiwa."

Nje mabonde yalishaanza kuingia kivuli. Kisha Jofrey akatoka siti ya nyuma, akaja kukaa pembeni yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alizungumza polepole.

"Sasa mtu akipanda miti katikati ya mteremko, ile baridi itapita, au itazuiliwa na kuganda hapohapo juu?"

Nilifikiri. Sikujua. Mbele, Mwalimu Alois aligeuza shingo kusikiliza.

"Hilo nitaliandika mwakani," nilimwambia Jofrey, kwa sauti ya kusikika mpaka kiti cha mbele. "Fulana iwepo, isiwepo."