Karani wa Wagombea na Kifua Mbele

Habari hii nilipewa na mkamwana wangu wa pili, Jumanne iliyopita, tukikunja nguo zilizokauka. Yeye hupiga deki kwenye ofisi za halmashauri, na mwanamke mwenye kisa hiki ni shoga yake. Naiandika kama nilivyoipokea, isije ikanichachia kichwani.

Shoga huyo ni karani wa dawati la wagombea. Mtu akitaka udiwani huanzia kwake: huelekezwa fomu, huambiwa sheria za kampeni, na akitishwa hupewa askari wa kumpigia simu. Madiwani walioko kitini nao husaidiwa vilevile, na yote ni bure. Ila husaidiwi mpaka uombe. Kwenye daftari kuna sehemu mbili, "naomba kukaguliwa" na "sihitaji", nawe unatia sahihi unapopenda. Waliweka hivyo ili makarani wasitie mikono kwenye fomu za watu bila kuitwa.

Miaka mitano nyuma, wakati dawati hilo halijazaliwa, karani mwenyewe aligombea. Diwani wa kata yao, ambaye watu walimwita Kifua Mbele, akamtumia vijana wampake kinyesi mlangoni na kumzushia waume watatu. Binti wa watu akaenda kwake kumsihi awazuie. Kifua Mbele akamjibu kadamnasi kwamba maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama yake aliusugua ule mlango siku nne. Ya tano presha ikampanda, mkono wa kushoto ukafa. Binti akajitoa kwenye uchaguzi. Hakulia wala hakugombana. Dawati lilipoanzishwa na kazi kutangazwa, akaiomba, akaketi pale kama paka kwenye tundu la panya.

Siku ya mwisho ya kurudisha fomu, saa tatu asubuhi, Kifua Mbele akaingia na dereva wake. Karani akaipokea fomu, akaona kosa kabla hata hajakaa. Kila mgombea anatakiwa wadhamini kumi, wote wapiga kura wa kata ileile. Wa kumi alikuwa dereva, na dereva yule kaandikishwa kata ya juu. Karani ndiye aliyemwandikisha, alipopewa zamu ya kuandikisha wapiga kura. Muda ulikuwa mwingi tu. Kubadilisha jina moja ni kazi ya nusu saa.

Akalisogeza daftari. "Mheshimiwa, unaomba fomu yako ikaguliwe?"

"Ikaguliwe na wewe?" Kifua Mbele akamgeukia dereva wake, akacheka. "Huyu alishindwa kujikagua mwenyewe, leo anikague mimi niliyekalia kiti vipindi vitatu."

Akatia sahihi kwenye "sihitaji", kubwa, ikavuka mstari.

Mkamwana wangu alikuwa anafuta sakafu, akamwona shoga yake uso umetulia mno. Walipobaki wawili akamuuliza, naye akamweleza. Mkamwana akamshauri amwambie tu, Mungu hapendi. Karani akasema Mungu ana dawati lake, na yeye ana lake.

Saa nane dereva alirudi, mkubwa wake kasahau miwani. Neno moja tu lingetosha. Karani akaifuta ile miwani kwa kitambaa, akampa, akamtakia safari njema. Saa kumi, mwisho wa kupokea fomu, ikapita.

Kesho yake fomu zikabandikwa ukutani, mpinzani akaweka pingamizi juu ya yule mdhamini wa kumi, na jioni jina la Kifua Mbele likakatwa. Asubuhi iliyofuata akaja peke yake, kola imelegea.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Mbona hukusema, dada yangu?"

"Leo nimekuwa dada yako? Hukuomba."

Akaivuta kola ikae sawa. Mwisho akasema amesikia dawati husaidia kuandika rufaa. Karani akamwambia ni kweli, kwa anayeomba. Akasema anaomba. Karani akamwambia hajasikia, feni ina kelele. Mlango ulikuwa wazi, na foleni ya wagombea ilikuwa imetega masikio.

"Naomba unisaidie," akasema Kifua Mbele kwa sauti, mikono imeshika ukingo wa meza.

Akamsaidia. Aliiandika rufaa ile vizuri kuliko zote alizowahi kuandika, kila kifungu mahali pake, asije mtu akasema alimhujumu. Na kila neno aliloandika alijua halitamrudisha, maana sheria ya wadhamini haina huruma. Ijumaa rufaa ikatupwa.

Siku hiyo karani alifika nyumbani jua bado liko juu. Akamweleza mama yake yote, neno kwa neno. Mama akataka kujua kama lile "naomba" lilisikika hadi nje. Akamwambia lilisikika hadi kwenye ngazi. Mama akaomba arudie tena hapo, akarudia, na mara ya tatu bibi wa watu alikuwa amesinzia kitini, anatabasamu. Watu husema kisasi humchoma tumbo aliyekila. Binti alisubiri kuchomwa, hakuchomwa. Akajinyoosha kwenye mkeka miguuni pa mama yake, angali na viatu vyake vya kazini, akalala.