Vidole vya Mshukiwa

Balbu ya chumba cha mahojiano iliungua katikati ya swali. Fundi wa umeme wa kituo alikuwa likizo, kwa hiyo mpelelezi alikwenda kuchomoa balbu ya chooni, akapanda kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi, na mshukiwa akakishikilia kisiyumbe.

"Usiniangushe," alisema mpelelezi.

"Nikikuangusha nitakuwa na kesi mbili."

Mshukiwa alikuwa fundi cherehani. Mumewe, mwuza vioo ambaye walikuwa wametengana, alikutwa dukani kwake amepigwa nyundo kisogoni. Mpelelezi alipokuwa akishuka, mwanamke alimpa mkono. Ulikuwa mkono mdogo, mkavu, wenye joto la kushinda na kazi. Waliachiana baadaye kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha wakaketi, wakaendelea na swali pale lilipokatikia.

Jioni, akinawa, mpelelezi aliona kovu jembamba la sindano kwenye ncha ya kidole chake cha shahada. Asubuhi halikuwapo. Alikuwa mtu wa kazi nyingi na usingizi haba, na mwili wa umri ule hupokea mambo mengi yasiyobisha hodi. Akajipangusa, akaenda kulala.

Mshukiwa aliruhusiwa kurudi kwake, kwa sharti la kutoondoka mjini. Mpelelezi akawa anamfuata huko huko kwa maswali ya ziada. Kilikuwa chumba kimoja, pazia katikati, cherehani dirishani, vipande vya vitambaa sakafuni kama majani. Maswali yalipokwisha, hakuinuka. Mwanamke akamtazama shati.

"Nani alikushonea gunia hili?"

"Nililinunua."

"Simama."

Akampima. Alikuwa na pini mdomoni, akizungumza kwa pembe ya midomo. Futi ikapita mabegani, ikashuka mgongoni, ikazunguka kifua, na vidole vyake vikatulia pale ilipokutana.

"Pumua. Usipumue hivyo, utanidanganya kipimo."

"Ndivyo ninavyopumua."

"Si kweli, kaka. Mimi pia najua mtu akinidanganya."

Alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza swali kwa muda mrefu. Nje watu walikuwa wakinunua mkaa na kubishana. Mpelelezi alipovaa, vifungo vya shati vilifungwa na vidole vyake mwenyewe, ambavyo sasa vilijua vifungo kuliko yeye. Aliliona hilo, akaondoka.

Kuanzia siku ile hakutafuta tena kama mwanamke ameua. Alitafuta namna ya kuonyesha kwamba hakuua. Mtu ambaye yeye alimtilia shaka alikuwa mbia wa marehemu, ambaye sasa alimiliki duka zima. Lakini mbia alisema jioni ya kifo alikuwa akicheza karata nyumbani kwa Mkuu wa kituo, na Mkuu mwenyewe alisema ni kweli, tena alishinda.

Ikabaki nyundo. Ilikuwa imepanguswa, haina alama ya mtu. Mpini wake ulikuwa mnene, wa mti mgumu, na mwanamke alikuwa ameapa kwamba hajawahi kuigusa wala hajakanyaga duka lile tangu watengane. Mpelelezi akawaza: mkono mdogo namna ile hauwezi kuuzunguka mpini huu. Akaingia chumba cha vielelezo, akaitoa nyundo kwenye mfuko wake. Glavu zilimzuia kujua unene, akazivua. Akaukamata mpini kwa mkono mtupu, kwa utaratibu, kama anavyokamata mtu anayepima. Hata vidole vyake vikubwa vilikutana kwa shida. Akafurahi kwa jinsi mtu aliyechoka anavyofurahi, akairudisha nyundo, akaenda kunywa chai.

Mkuu akaagiza nyundo ikaguliwe upya, kwa sababu mbia alikuwa akilalamika kesi inachelewa.

Mkaguzi wa alama za vidole aliitwa Mama Wino. Kucha zake hazikuwa zimetakata tangu ujana. Alimwita mpelelezi kwenye meza yake, akafunga mlango.

"Nyundo ina alama za yule mama. Zote, safi kama za jana. Na mimi mwenyewe niliikagua mwanzoni, haikuwa na kitu."

"Mimi ndiye niliyeishika."

"Najua umeishika, harufu ya sabuni yako imo mfukoni. Lete mkono."

Akavipaka wino vidole vya mpelelezi kimoja kimoja, akavigandamiza kwenye karatasi, akavaa miwani. Alitazama kwa kirefu.

"Ni vyake," alisema. "Vinauma?"

"Havina neno. Vinawasha kidogo kukiwa na baridi."

"Na vyako viko wapi?"

"Sijaviona."

Mama Wino akampa kitambaa ajifute. "Nilipata mwingine kama wewe zamani, mlinzi wa ghala na mke wa mtu. Nilimwambia atumie ndimu."

"Vilirudi?"

"Alipata mikono misafi tu."

Mpelelezi alikwenda moja kwa moja kwa Mkuu. Ofisi ilikuwa imewekwa vioo vipya madirishani, bado vina alama ya chaki ya fundi. Akaeleza yote, hata futi na pini, akanyoosha mikono juu ya meza. Mkuu aliwasha taa, akaviangalia vidole, akavigeuza kwa ncha ya kalamu.

"Pole sana," alisema, na alimaanisha. "Ni vyake kabisa."

"Basi andika, afande, kwamba nyundo niliishika mimi."

"Kijana, alama haisemi iliwekwa na nani. Inasema ni ya nani."

"Unajua nani alimuua yule mtu."

Mkuu akazima taa. "Ninajua nani alikuwa kwangu akicheza karata. Nenda kapumzike. Una sura ya mtu aliyefiwa."

Mwanamke alichukuliwa asubuhi, futi bado shingoni. Mpelelezi alimkuta mahabusu, akamweleza. Yeye akaushika mkono wake katikati ya nondo, akaugeuza kwenye mwanga.

"Hata kovu la sindano umechukua."

"Sikuchukua. Lilikuja."

"Na nyundo uliigusia nini?"

"Nilitaka kupima mpini. Nilitaka kuonyesha hautoshi mkononi mwako."

Mwanamke alikuwa bado amekishika kidole kile.

"Fundi wa vipimo ni mimi," alisema. "Si ungeniuliza."

Mahakamani mpelelezi alisema ukweli wote. Jaji alimsikiliza kwa adabu, akaomba avione vidole, karani akavithibitisha, na jaji akamshukuru kwa kuusaidia upande wa mashtaka. Mbia alikaa nyuma amevaa suti nzuri. Hukumu ilisomwa kabla ya chakula cha mchana. Mwanamke alipotolewa, alipita karibu na mpelelezi, akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba shati lake liko tayari, limebaki vifungo. Mpelelezi akalichukua kwa jirani wa mwanamke, akavishona vifungo mwenyewe, kwa mishono midogo iliyolingana.

Siku ya wageni alilivaa akaenda gerezani na sabuni na kanga mpya. Langoni palikuwa na mashine ya kubonyezea kidole gumba. Akabonyeza. Askari wa zamu akasoma, akambonyezesha tena.

"Mashine inasema uko ndani."

"Mimi ni mgeni. Nimekuja kumwona mtu."

"Ndiyo, lakini uko ndani. Umeingia na hujatoka. Siwezi kukuruhusu uje kujitembelea."

"Basi nifungulie niingie nikae. Yeye mtoeni."

Askari alifikiri. Hakuwa mtu mbaya, na foleni ilikuwa ndefu.

"Ukiingia mtakuwa wawili, na hukumu ni ya mmoja. Akitoka yeye, atapungua mmoja. Sasa hivi hesabu yangu imetimia, ndugu yangu. Nikiigusa, nitalala hapa na nyinyi."

"Basi mpelekeeni sabuni."

"Sabuni itafika."

Mpelelezi alimkabidhi mfuko, akasogea pembeni kuwapisha wengine. Askari alipangusa mashine kwa mkono wa shati, akamwita anayefuata.