Siku Msusi Alipotia Uso Majini

Msusi wa njia ya ufukweni alikuwa na kitu kimoja kilichomletea wateja kuliko mikono yake: mdomo. Mgeni akikaa kwenye kiti chake, kabla msuko wa kwanza haujafika mwisho ameshaelezwa kisiwa kizima. Kwenye maporomoko nenda asubuhi, jua likiwa bado na adabu. Kilimani pandeni kwa baiskeli, ila mkishuka msikamate breki ya mbele, mtaacha meno njiani. Na miamba ya matumbawe, eeh! Usipoiona hiyo, ulikuja kufanya nini? Aliwaeleza samaki mpaka mtu akasahau kwamba nywele zinavutwa.

Na hao samaki hakuwahi kumwona hata mmoja, isipokuwa waliokaangwa. Yote aliyoyajua yalitoka kwa wateja hao hao: wa jana kasimulia, wa leo anasimuliwa. Yeye alizaliwa bara, akaletwa kisiwani na ndoa, na bahari aliiogopa vibaya sana. Akifika ufukweni alilowesha vidole vya miguu, akageuza.

Sasa mtu kama huyo, binti yake wa pekee akawe nani? Mwongoza wageni baharini! Wenzake kwenye mashua walimwita Chuchunge, kama yule samaki mrefu wa mdomo mkali, kwa wembamba wake na jinsi alivyopita majini bila kurusha hata tone. Mama mtu hakulipenda jina, wala kazi. "Hiyo si kazi, ni kucheza maji," alisema asubuhi na jioni. Kaka wa msusi alikuwa amemtafutia binti nafasi ofisini, mjini huko ng'ambo: meza, feni na kiti cha kuzunguka. Chuchunge alitia ngumu, mama akakaza uzi, nyumba ikawa haikaliki.

Jioni moja, sahani zikiwa bado mezani, binti akachoka. "Mama, njoo nami siku moja tu. Utie uso majini. Ukitoka bado unasema kazi hii haifai, Jumatatu naenda kwa mjomba na hunisikii tena nikilalamika."

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu."

Msusi akalala usingizi mtamu usiku ule. Aliona ameshinda kabla mechi haijaanza.

Jumamosi akapanda mashua amejiandaa kulalamika, na wageni wakapata burudani ya bure. Jaketi la kuelea linabana. Miwani inanuka mpira. Na huu mrija wa kupumulia, umepita midomo mingapi?

"Umeoshwa, mama."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Ndiyo maana nauliza. Vyombo vyako navijua."

Bwana mmoja mnene mwenye kofia pana alicheka mpaka mkewe akamfinya. Lakini wote waliposhuka majini, ikabaki zamu ya msusi, kelele zikamwisha. Alisimama kwenye ngazi, maji yakimfika magotini, mikono imeng'ang'ania chuma.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ndogo, "naogopa. Si utani, naogopa kweli."

Chuchunge hakucheka. "Najua. Shika bega langu. Hatuna haraka na mtu."

Akalishika bega, akapiga moyo konde, akatia uso.

"Mama yangu weee!" Kelele ikapitia kwenye mrija, ikatoka juu kama honi.

Samaki wa njano, wengi, walipita mbele ya pua yake wala hawakumjali. Pono wa kijani walikuwa wanatafuna mwamba, na kumbe mtafuno wao unasikika, krr, krr, kama watoto na barafu. Kasa mkubwa akapita chini ya tumbo lake taratibu kama mwenye mtaa. Jua lilishuka hadi chini kabisa, likicheza juu ya mchanga. Msusi akawakasirikia wateja wake wote tangu alipofungua duka. Walikuwa wamempunja! Hakuna aliyemwambia kwamba ni hivi. Alifurahi mpaka akasahau kuwa anaogopa, na bega la binti akaliachia bila kujua.

Hapo ndipo Bwana Kofia alipomeza maji. Akapaparika, akakamata kitu cha kwanza alichokiona, nacho kilikuwa msusi. Wakazungushana pale, huyu akikohoa, huyu akipiga yowe. Kabla msusi hajamaliza kuita, binti yake alishafika katikati.

"Mzee, nitazame mimi. Mimi tu. Lala chali, jaketi litakubeba. Hivyo hivyo. Pumua pole pole."

Sauti haikupanda hata kidogo. Punde Bwana Kofia alikuwa amelala chali, amemshika mkono, na baada ya kidogo anacheka mwenyewe. Msusi aliduwaa. Huyu ndiye yule yule asiyejua vikombe vinawekwa wapi?

Walipopanda mashuani, kila mtu na taulo lake, Chuchunge akaketi mbele ya mama yake. Uso ulikuwa umemsawajika.

"Haya, mama. Mazuri umeona, mabaya umeona. Tuliapa. Sema."

Msusi alijua kabisa ushindi anao mkononi. Nani angembishia leo?

"Leo mtu nusura afe mbele ya macho yangu," akaanza, na binti akainamisha kichwa. "Na nusura afe na mimi, maana alinikumbatia kama gunia."

"Samahani sana, mama," akasema Bwana Kofia.

"Subiri kwanza, baba, naongea na mwanangu."

Akachukua simu kwenye mfuko wa nailoni, akapiga, akaweka sauti ya juu mashua nzima isikie.

"Kaka? Kile kiti cha kuzunguka bado kipo? Basi mpe mwingine akizungukie."

"Kwani vipi? Mtoto anaumwa?"

"Haumwi," akasema msusi. "Mtoto ana kazi."

Mashua ikalipuka kwa makofi. Chuchunge akavaa miwani yake ya majini pale pale, amekaa pakavu, watu wasimwone. Mama yake akaivua, akamfuta machozi kwa ncha ya taulo, na yake mwenyewe akayaacha yatiririke.

"Utalia ukimaliza," akamwambia. "Sasa hivi wageni wako wanakungoja."