Kazi Ikianza Kinuni

Kaka yangu Gwenole ana kichwa kigumu kama jiwe la kinu, na jiwe lenyewe ndilo lililotukosanisha. Aliliuza likapambe bustani ya hoteli, udongo wa kaburi la mama haujakauka. Tangu hapo hatusemezani. Sasa Jumatatu anapasuliwa moyo, na jana kamtuma binti yake: "Baba anasema uje kinuni, shangazi, kazi ikianza."

Kazi gani? Kinu chetu kilisaga ngano kwa nguvu ya maji ya bahari, lakini gurudumu lilishaoza. Zimebaki kuta na gati lililoota mwani.

"Anakucheza shere," alisema mume wangu Tanguy, akipaka siagi kwenye mkate. "Kaa nyumbani."

"Na akifa je?"

"Basi wahi, ukagombane naye akiwa mzima."

Nikawahi. Maji yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni. Nikakaa kwenye gati, pale pale nilipokuwa nikipokea magunia utotoni. Gwenole hayupo. Nikajiuliza, au nimewahi mno? Baba hakuanza kusaga maji yakijaa. Aliyafungia bwawani kwa lango, akangoja bahari ipwe, ndipo ayaachie yazungushe gurudumu. Lakini Gwenole wa kukumbuka hayo, aliyeuza jiwe? Nikainuka niondoke, nikakaa tena. Sikujielewa.

Maji yakapwa. Tope likaonekana, kisha mawe ya chini ya gurudumu. Saa ya kazi ndiyo hiyo, na mtu hakuna. Hasira zikanipanda, halafu nikaingiwa na hofu: pengine moyo wake umeshasimama njiani.

Ndipo nikasikia mtu akininung'unikia kwa jina nyuma ya ukuta, upande wa bwawa. "Soazig ni yule yule. Hata nikienda kufa hanijali."

Alikuwa kwenye lango la bwawa, mahali pake pa kazi utotoni. Kwetu hakuna aliyeacha mahali pake kabla baba hajaita.

"Gwenole," nikasema, "umekaa huko tangu lini?"

"Tangu maji yalipojaa. Wewe je?"

"Hata mimi."

"Sasa mbona hukuniita?"

"Mbona wewe hukuniita?"

Mlango wa katikati yetu ulishaporomoka ukaziba njia, na kuzunguka kwenye tope, kwa moyo ule, asingeweza. Ukutani lipo tundu ulipopita mhimili wa gurudumu. Akapenyeza mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Lile jiwe, Soazig..."

"Nyamaza," nikamwambia. "Nishike vizuri."