Sukuma Wiki ya Mabegani

Jumatatu ya kwanza ya Juni, saa tatu asubuhi, Verlene Tubbs alikuwa barazani kwa mzee Roscoe, kaskazini mwa Milwaukee, akibadilisha betri za mashine ya presha, ofisi ilipomletea mwanafunzi. Kila kiangazi ofisi ya afya ya jamii humletea mmoja. Hukaa wiki kumi, humfuata Verlene nyumba hadi nyumba, kisha hurudi chuoni na barua ya sifa. Wa safari hii aliitwa Annika Vossler, miaka ishirini, viatu vyeupe.

Verlene alikuwa ametembea mitaa hiyo miaka kumi na tisa. Mara tatu aliomba kazi ya kusimamia mradi, mara tatu akaambiwa hana digrii. Sasa nafasi ilikuwa wazi tena, na alikwishapeleka barua ya nne.

"Huyu ndiye bosi wako mpya?" mzee Roscoe aliuliza.

"Huyu ni mwanafunzi."

"Na wale wa miaka ya nyuma hawakuwa wanafunzi? Si ndio hao mabosi wanaokutuma juani?"

"Nyamaza, mzee, unajipandisha presha."

Mzee Roscoe akaondoa kofia yake kwenye kiti cha pili, akamkaribisha Annika. Kwa miaka kumi na tisa kiti hicho kilikuwa cha kofia. Verlene alipima akiwa amesimama.

Jioni, akioga, alikuta jani la sukuma wiki limeota kwenye bega la kushoto. Alilichuma. Liliuma kidogo, kama kung'oa unywele. Asubuhi yalikuwa matatu.

Alijua yanatoka wapi, hakwenda kwa daktari. Mtu akimwita Annika "daktari wetu", jani lilichomoza. Bwana Pruitt, mkuu wa ofisi, alilishika jina la Annika kwa siku moja tu, ilhali Verlene bado aliitwa naye Arlene. Siku hiyo yalitoka manane.

Kufika Julai mabega yote mawili yalikuwa kichaka. Verlene alikata mikono ya sare yake akaendelea na kazi. Bi Odessa wa nyumba ya kona alikuja na kisu na mfuko.

"Dada, nichume?"

"Chuma. Machanga ya katikati yaache. Na usipike na nguruwe, Odessa, nakujua. Shingo ya bata mzinga ya kukaushwa kwa moshi, na chumvi sahau."

"Sasa hicho ni chakula au adhabu?"

"Ukitaka kula raha, nenda kachume kwa mwingine."

Mtaa mzima ukala. Wivu ulivyozidi, ndivyo mboga zilivyonona, na presha za watu zikashuka. Ya mzee Roscoe ilitoka mia na sabini na nane ikafika mia na thelathini. Verlene alipima, Annika akaandika.

Ijumaa ya mwisho wanafunzi walibandika kazi zao ukumbini, kama desturi, na Verlene akamimina maji ya limau, kama desturi. Kazi ya Annika, kuhusu presha zilivyoshuka mtaani, ilikuwa ya kwanza. Katikati palikuwa na picha ya Verlene, kuanzia shingoni hadi viwikoni. Chini yake paliandikwa: mboga kutoka kwa mkazi wa mtaa.

"Nilitaka niweke jina lako, Bi Verlene," Annika alisema. "Fomu haina nafasi."

"Nafasi ya picha ilikuwepo."

Bwana Pruitt akatangaza kwamba kazi ya usimamizi itamngoja Annika mpaka amalize chuo. Watu wakapiga makofi. "Arlene, hebu geuka wageni waone," akasema. Verlene akageuka. Majani yalikuwa yanatoka kwa kasi hata yakafunika masikio, na wageni wakachuma, kila mmoja fungu lake, wakasema asante.

Jumatatu alirudi kwa mzee Roscoe peke yake. Kwenye kiti cha pili palikuwa na sufuria. Alimfunga mashine mkononi, akasimama, akasoma.

"Mia na ishirini na mbili."

"Umeona. Yule binti ametuponya," mzee Roscoe alisema, akivuta sufuria karibu. Aliyatazama majani mapya yakifunguka shingoni mwa Verlene. "Leo yamenona kweli. Hebu inama, siyafikii."

Verlene akainama.